Mgonjwa Asiyelia

Ng'ombe alipomburuta Jairus kwenye tope la mtoni na kumwangusha kwa ubavu, hospitali ya karibu ilikuwa Webuye, mwendo mfupi tu kutoka kwake Matulo. Jirani mwenye gari la probox alikuwa tayari amepunguza mwendo akate kona kwenda huko. Jairus, aliyelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, akainua mkono.

"Usikate. Twende Bungoma."

"Bungoma ni mbali, Baba Nelima," Dinah akasema. "Na wewe umeumia."

"Nelima yuko Bungoma. Mtoto wangu ako kwa hiyo mashine, halafu mimi nipigwe picha na mtu sijui? Watu watasema nini?"

Dinah alitaka kumwambia kwamba hao watu hawakuwa wameumia nyonga. Lakini alimjua mumewe. Tangu binti yao aingie chuo kimoja cha kibinafsi mjini Kitale kusomea kazi ya eksirei, Jairus hakuwa na uwezo wa kutoka kanisani Jumapili bila kumtajia mtu neno hilo. Na sasa Nelima alikuwa kwenye mazoezi ya kazi katika hospitali ndogo ya Bungoma, wiki ya tatu, amevaa koti jeupe. Hii ilikuwa mara ya kwanza baba yake kupata sababu ya kwenda kumwona amelivaa.

Wakapita Webuye. Kila gari lilipoingia shimo, Jairus aliuma kofia yake.

Nelima aliposikia sauti ya mama yake koridoni alidhani amekuja kumsalimia. Kisha akaona kitanda cha magurudumu.

"Baba?"

"Sio kitu," Jairus akasema, akijaribu kutabasamu. "Ni ng'ombe tu. Nimekuletea kazi."

Chumba cha eksirei kilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa Nelima. Kizito, mtaalamu aliyepaswa kumsimamia, alikuwa ameondoka saa mbili asubuhi. Kila Jumanne na Alhamisi alikwenda kufanya kazi katika kliniki nyingine karibu na stendi, na kila mtu hospitalini alijua, na kila mtu alisema hajui. Nelima akampigia simu.

"Kuna mgonjwa wa nyonga ya kulia. Ameanguka. Nikungoje?"

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na tatu. Ni babangu."

"Ni babako? Si basi poa. Piga, bana. Kwani wewe si ndio yule wa asilimia tisini na sita? Niko njiani."

Hakuwa njiani. Nelima alisikia nyuma yake mtu akiambiwa avute pumzi na aishikilie.

Hiyo asilimia tisini na sita ilikuwa kweli. Chuo chao kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabati na misumari la Mhindi mmoja aitwaye Gurcharan, na hakikuwa na mashine ya eksirei. Kilikuwa na programu ya kompyuta ya kuigizia kazi hiyo. Kwenye skrini alilala mgonjwa wa rangi ya kijivu. Ulibofya mguu wake, ukaandika kumi na tano, na mguu ukageuka ndani digrii kumi na tano, laini kama mlango uliotiwa mafuta. Ukipatia, taa ya pembeni ilikuwa kijani. Ukikosea, nyekundu. Darasa lote hakuna aliyepata kijani nyingi kama Nelima. Mgonjwa wa kompyuta hakuwa na jina wala harufu ya zizi. Hakuwa pia na suruali ya kuvuliwa.

"Baba, lazima suruali itoke. Iko na zipu, itaharibu picha."

Jairus akatazama dari. "Ita mwanamume."

"Hakuna mwanamume hapa. Ni mimi tu."

"Basi ita mamako."

Dinah akaingia, akamvua mumewe polepole, akimfunika kwa shuka kadiri suruali ilivyoshuka. Nelima aliwageuzia mgongo, akajifanya kupanga vitu vilivyokuwa vimepangwa. Dinah alipotoka, shuka ilikuwa imemfunika Jairus kutoka kiunoni hadi vidoleni, na Nelima akaiacha hivyo hivyo. Kitabu chake kilisema uanze kwa kutazama mguu. Mguu wa aliyevunjika nyonga hukuambia mwenyewe: unyayo huelekea nje, kama umechoka. Wa Jairus ulielekea nje, chini ya shuka. Lakini huyu alikuwa baba yake, na tangu apate akili hakuwahi kuona goti lake.

Akapiga picha ya kwanza. Ilipotokea kwenye skrini haikumpendeza. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imejikunja, imejificha, na kulikuwa na mstari mweusi ambao hakuwa na hakika nao. Kule Kitale taa ingekuwa nyekundu. Akamfikiria Kizito akirudi na kumfokea mbele ya baba yake, baba aliyepita Webuye ili kumwona.

Akarudi mezani.

"Hiyo ya kwanza haikutoka vizuri, Baba. Nitageuza miguu ndani kidogo."

"Wewe ndio unajua, mama."

Akaishika miguu miwili juu ya shuka. Wa kushoto ukaja. Wa kulia ukakataa. Alidhani baba yake amekaza misuli kwa aibu, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa amekaza. Akaongeza nguvu kidogo. Ndipo viganja vyake vikasikia kitu ambacho kompyuta haikuwahi kumpa: kwanza ukinzani, kisha kitu ndani kikaachia.

"Nelima!" Jairus akapiga yowe. "Wacha! Wacha, mtoto wangu, wacha!"

Nje, Dinah akasimama kutoka kwenye benchi.

Nelima aliuachia mguu, nao ukaanguka nje kabisa, kama si wa mtu. Akakimbia nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia miale akapiga picha ya pili. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini aliipiga, alisema hakujua afanye nini kingine.

*

Daktari Veena, aliyekuwa zamu, aliziweka picha mbili kando kwa kando. Alizaliwa mjini humo humo, nyuma ya duka la vitambaa la wazazi wake, na aliongea Kiswahili cha Bungoma bila kukwama.

"Hii ni ya saa nne na dakika arobaini na mbili. Mfupa umevunjika lakini umeshikana. Ningemfunga skrubu hapa hapa, angetembea. Hii ni ya arobaini na saba. Umeachana. Katikati ya hizi dakika tano kulifanyika nini?"

"Niligeuza mguu."

"Wa mtu ameanguka?"

"Picha ya kwanza ilikuwa mbaya, daktari."

"Ilinitosha. Nani alikufundisha kugeuza?"

"Kwa kompyuta tunageuza."

"Na wagonjwa wa ajali, kwa hiyo kompyuta?"

Nelima akainamisha kichwa. Sehemu ya wagonjwa wa ajali ilikuwepo kwenye programu. Ilikuwa na alama ya kufuli. Chuo hakikuwahi kuilipia.

Daktari Veena akatoka kwenda kumweleza Dinah. Hakumficha. Sasa Jairus alihitaji kiungo cha bandia, upasuaji wa Eldoret, na usichelewe. "Lakini hili kosa limefanyika ndani ya hospitali, mama. Wakuu wake wakikubali, wao ndio watalipa. Usitie sahihi karatasi yoyote bila kusoma."

Dinah alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni, akamtazama kuanzia kola ya koti jeupe hadi viatu.

"Nilisikia akikuita," akasema. "Alikuambia uwache."

"Mama, nilikuwa..."

"Alikuambia."

*

Siku ya tatu waliitwa ofisini kwa msimamizi wa hospitali. Kizito alikuwepo, ameandika taarifa ya ukurasa mzima kwamba alikwenda chooni kwa dakika sita na mwanafunzi akaendelea bila ruhusa. Kutoka Kitale alikuja mkuu wa chuo, Bwana Kemboi, mtu mpole wa kuongea, amebeba faili la plastiki. Dinah alipewa kiti cha mwisho, karibu na pipa la takataka. Nelima hakupewa kiti.

"Mimi nimekuja na ukweli tu," Kemboi akasema. Akafungua faili. "Huyu msichana alifanya mafunzo ya kuigiza kwa saa mia moja na themanini. Mia moja na themanini. Alama zake ziko hapa. Chuo kilifanya kazi yake."

"Hata mimi nilishangaa," Kizito akadakia. "Mtu wa alama kama hizo."

Msimamizi akamtazama Nelima. "Uko na la kusema?"

Nelima alikuwa amekesha akilipanga. Likatoka lote kwa mkupuo. Kwamba kompyuta iliyofanya kazi ilikuwa moja, na wao ishirini na wawili. Kwamba walikaa kwenye benchi wakingoja zamu, na karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, na kila mmoja akatia sahihi ya siku nzima. Kwamba saa zake za kweli hazikufika kumi na mbili. Kwamba Bwana Kizito hakuwa chooni, alikuwa kliniki ya stendi.

"Mimi? Stendi?" Kizito akacheka. "Si ulete shahidi."

Kemboi hakukasirika. Akasukuma karatasi mbele, akaweka kidole mahali.

"Hii sahihi ni ya nani, Nelima?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu pia, mwalimu."

"Ziko thelathini. Sasa nieleze kama mzazi wako. Ulikuwa unadanganya wakati ule, ama unadanganya sasa?"

Nelima alijua jibu, na alijua kwamba jibu lolote kati ya hayo mawili lingemfukuzisha. Msimamizi alikuwa tayari anaangalia saa.

"Tukamsikie mgonjwa mwenyewe," akasema. "Yeye ndiye alikuwepo."

*

Jairus alikuwa ameinuliwa kwa mito. Mguu ulikuwa umefungwa uzani kwa kamba iliyopita juu ya ukingo wa kitanda. Waliingia wote watano wakasimama kumzunguka, na yeye akaomba kofia yake avae kabla ya kuzungumza.

"Mzee," msimamizi akaanza, "tunataka kujua siku ile ilikuwaje. Kama mwanafunzi alikufanyia makosa, chuo chake kitamfukuza, na sisi tutaangalia mambo ya matibabu. Useme tu ukweli."

Jairus alikuwa na siku tatu za kulala chali na kufikiria. Alikuwa amesikia manesi wakiongea. Akamtazama Kemboi na faili lake, akamtazama Kizito, kisha akamtazama Nelima, ambaye macho yake yalikuwa kwenye sakafu.

"Amebakisha muda gani?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu. Kumaliza kusoma."

"Miezi minne," Kemboi akajibu.

Jairus akatikisa kichwa taratibu. "Sasa andikeni. Mtoto aliniambia nilale nikiwa nimetulia. Mimi ndio niligeuka. Niliona haya. Yeye ni msichana, mimi ni babake, nilitaka kujifunika, nikajigeuza. Mfupa ukalia. Yeye hakunigusa."

"Baba Nelima!" Dinah akasema.

"Wewe ulikuwa nje."

"Nilikuwa nje lakini masikio yangu..."

"Ulikuwa nje, Dinah." Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu. "Mwanamke akiwa nje anaweza kuona nini?"

Kalamu ya msimamizi ilikuwa inakimbia. Ungeona jinsi nyuso zilivyolegea humo ndani. Kizito alipumua kwa sauti. Kemboi akafunga faili. Taarifa ikasomwa, kwamba mgonjwa alijigeuza mwenyewe kinyume na maelekezo, na kwamba hospitali haina lawama wala madai. Jairus akatia sahihi, herufi kubwa kubwa, kalamu ikitoboa karatasi. Palihitajika shahidi wa familia.

Dinah aliishika kalamu muda mrefu. Akamtazama Nelima. Alikuwa akimngoja aseme neno moja tu, na Nelima alijua anangojwa. Mdomo ulifunguka. Miezi minne. Wadogo zake nyumbani. Koti. Mdomo ukafunga.

Dinah akaandika jina lake.

Koridoni, Kemboi alimshika Nelima mkono kama mtu anayepongeza. "Mzee wako ni mtu wa maana sana. Utarudi Kitale Jumatatu. Mwezi ujao wakaguzi wanakuja kutoka Nairobi. Utawaonyesha mashine."

*

Jairus hakwenda Eldoret. Kulifanywa mchango kanisani, ukatosha magongo na dawa. Mguu ulipona ulivyotaka wenyewe, mfupi kuliko mwenzake, na kila akiukanyaga uso wake ulikunjamana. Dinah akaanza kulima peke yake. Wanawake wa Matulo walipomuuliza ilikuwaje, alijibu, "Anasema alijigeuza," na akaendelea kulima.

Wakaguzi walikuja Kitale siku ya Jumatano, mwanamume na mwanamke. Kwa siku hiyo Kemboi alikuwa ameazima kompyuta nyingine nane, zikapangwa kwenye meza zenye vitambaa. Nelima akaketishwa mbele. Mkaguzi mwanamke akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nionyeshe kifua."

Kijani.

"Bega."

Kijani.

"Vizuri sana. Sasa nionyeshe nyonga ya mtu aliyeanguka."

Nelima akabofya. Ikatokea alama ya kufuli.

"Ni mtandao," Kemboi akasema kutoka nyuma. "Leo mtandao unasumbua."

Mkaguzi hakumgeukia. Alikuwa na karatasi za mahudhurio mapajani. "Hapa inasema umekaa kwa hii programu saa mia moja themanini."

"Sio kweli, madam. Labda kumi na moja. Hizo zingine tuliandika tu tukingoja zamu."

"Nelima," Kemboi akasema kwa upole.

"Na nyonga ya kuvunjika ulijifunzia wapi?"

"Kwa babangu."

Mkaguzi alidhani hakusikia vizuri. Nelima akarudia. Kisha akasimulia, palepale, mbele ya wenzake ishirini na mmoja, akiwa ameweka mikono yake miwili juu ya meza. Alipomaliza, mkaguzi mwanamume akamwomba aandike. Akaandika kurasa tatu.

Baada ya wiki mbili kozi ikafungwa. Barua ilisema wanafunzi wote hawatambuliki, wakitaka waanze upya kwingine, kuanzia mwaka wa kwanza. Hospitali ya Bungoma iliulizwa, ikajibu kwamba inayo taarifa ya mgonjwa mwenyewe, yenye sahihi na shahidi, na haikuona haja ya kuongeza neno. Kizito aliendelea na Jumanne na Alhamisi zake. Kemboi, watu walisema, alikuwa anatafuta chumba kingine mjini afungue kozi ya hoteli.

Wanafunzi walipokuwa wakishusha masanduku yao kwa ngazi, Derrick, kijana aliyekuwa akiketi naye benchi moja, alimpita Nelima bila kusalimia. Chini kabisa, mlangoni kwa Gurcharan, akageuka.

"Mamangu aliuza shamba. Unajua hiyo? Miezi tatu ilikuwa imebaki. Si ungenyamaza tu? Kama vile ulinyamaza Bungoma?"

Nelima akaliweka sanduku lake chini. Hakuwa amejua kwamba habari ya Bungoma inaweza kusemwa hivyo.

*

Alifika Matulo saa nane mchana. Jairus alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao, magongo yameegemezwa ukutani, mkono usingeyafikia. Alisoma barua mara mbili. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kwa hivyo wamefunga."

"Ndio, Baba."

"Kwa sababu wewe uliwaambia."

"Waliniuliza."

"Hata mimi waliniuliza." Akaikunja barua, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka haikukunjika tena. "Nilidanganya mbele ya Mungu na mbele ya mke wangu. Tangu siku hiyo mamako hanipi chakula mkononi, ananiwekea chini hapa kama mbwa. Nikasema sawa, mtoto atamaliza. Kila nikiamka usiku na hii nyonga, nasema sawa, mtoto atamaliza. Nilikupa mguu, Nelima. Umeupeleka wapi?"

"Singeweza kuendelea, Baba. Kila nikishika mgonjwa..."

"Sijakuuliza hiyo."

Kuku mmoja alipita kati yao. Jairus akayatazama magongo ukutani. Alikuwa anataka kwenda chooni tangu adhuhuri, lakini Dinah alikuwa shambani na watoto wadogo walikuwa shule. Nelima akaelewa. Akayachukua magongo, akainama amshike chini ya kwapa.

"Usiniguse."

"Baba, nitakuinua pole..."

"Nimesema usiniguse! Niitie mamako."

Nelima akayaegemeza magongo pale alipoweza kuyafikia, akateremka shambani. Dinah alikuwa katikati ya mahindi, jasho limelowesha kitambaa cha kichwa. Alimwona binti yake, akaliona na sanduku mbali kule uani, na akaelewa bila kuambiwa.

"Baba anakuita. Anataka kutoka. Amenikataza nimguse."

Dinah akajinyoosha, mkono kiunoni. Kisha akalilaza jembe kwenye mtaro, akapanda juu kuelekea nyumbani, bila haraka.

Nelima akavua viatu vyake vya mjini, akaviweka juu ya kichuguu. Akaliokota jembe. Mpini ulikuwa bado una joto la mama yake. Akaanzia pale pale Dinah alipoachia, na alipolipiga pigo la kwanza aliisikia sauti ya baba yake ikitoka uani, ikilia kwa uchungu, na mama yake akimwambia anyamaze.